Alichotaja Ni Shida Yake

Marahaba, Editha. Huku Mshangano hatujambo, mama yako anapukuchua mahindi. Lakini barua yako imenikasirisha. Mzee wa watu anakuja maktaba kuomba kitabu cha kupata asali nyingi, unaandika maneno yake yote kwenye kompyuta, hakitokei, unamwambia hakuna! Halafu unaniuliza ulikosea wapi?

Ulikosea nilipokosea mimi. Nilipoanza kazi maktaba hapa Songea, mkulima alikuja kwa baiskeli kutoka Namtumbo akitaka “kitabu cha kuokoa tumbaku”. Nikatafuta jina hilohilo kwenye kadi za orodha ya vitabu, nikamjibu hakuna. Akanishukuru, akaondoka. Baadaye nikakikuta rafuni, nyuma ya kiti changu: kitabu cha magonjwa ya mimea, sura nzima ya tumbaku. Alinitajia shida yake, mimi nikadhani ni jina la kitabu. Mpaka leo najichukia.

Andika “asali” peke yake. Ikigoma, andika “nyuki”, andika “mizinga”, tafuta kwa mada. Ikishindikana, inuka kitini ukaangalie rafuni! Kisha mtafute huyo mzee kesho. Wa kwangu hakurudi tena.

Bibi yako