Kizibo Nimekichukua

Nahodha na wanao,

Chakula kiko jikoni, pasheni wenyewe. Sinki la bafuni msilijaze maji, kizibo nimekichukua. Anikeni na yale majaketi ya kuokolea, yananuka.

Baba watoto, mwaka mzima tumefungiwa ndani unatuimbia siku ya kurudi ziwani. Leo wamefungua. Tumepanga foleni, tumepimwa joto, majirani wanatazama, tumepanda boti. Dakika tano tu, maji yako vifundoni! Ndipo unakumbuka kwamba wakati wa karantini ulichomoa kizibo cha boti ukazibia sinki. Eti, "Boti yenyewe haiendi popote." Mlinzi wa gati amecheka mpaka barakoa imemvuka. Na mimi nilivaa viatu vipya, jamani.

Kisha mmerudi mkajitupa vitandani kama mliovuka bahari.

~~Nitarudi saa sita, mniwekee chai.~~ Msinisubiri. Mlinzi ameshaitoa boti maji, nami kizibo ninacho mkobani. Anasema sheria bado ni ileile: boti moja, watu wa nyumba moja.

Leo nyumba nzima ni mimi.

Mama