Mkwe Aliyetema Rubisi

Kimara Baruti,
Dar es Salaam.
Jumapili, 4 Desemba 1994.

Mpendwa kaka Revelian,

Shikamoo kaka, na umpe wifi Auleria shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma. Mguu ulioutegua kwenye mtaro wa shambani umepona, au bado unatembea na fimbo na kuwaambia watu ni mtindo? Na kahawa mmeianika ikapata jua? Tunasikia huko mvua ni za kila siku. Nikasema basi senene wameanza, na kaka yangu mtu mzima yuko nje na ndoo anagombania nafasi na watoto.

Sisi ni wazima wa mwili. Mpwa wako Felicitas alishikwa na malaria wiki nzima, akameza dawa, sasa amerudi kazini hospitali. Umeme ni wa mgao, na maji ya bomba tunayasikia tu kwa wenzetu wa mabondeni. Hayo tumeyazoea.

Nisamehe mwandiko, kaka. Naandika nikiwa na hasira, na kalamu hii inavujisha wino kama vile nayo imekasirika. Ndoa ya Felicitas imesimama. Aliyeisimamisha ni shemeji yako Fransis, kwa funda moja tu la ile pombe yetu ya ndizi, rubisi. Kaa chini nikueleze toka mwanzo, maana najua habari zimeshafika Bukoba zikiwa zimeongezwa chumvi.

Unakumbuka mwaka jana shirika lao lilipunguza watu, na Fransis akawamo. Ukarani wa miaka ishirini na mbili ukaishia kwenye karatasi moja ya shukrani. Miezi kumi alikaa barazani anawasahihisha Kiswahili watangazaji wa redio. Nilikuwa nikirudi shuleni namkuta na orodha ya makosa yao. Nikawa namwomba Mungu amtafutie mume wangu jambo la kufanya, jambo lolote. Siku hizi naomba kwa uangalifu zaidi.

Mwenzake mmoja aitwaye Daniel, aliyepunguzwa pamoja naye, alirudi kwao Dodoma akapata kazi kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo, akatualika. Likizo ya Septemba tukaenda. Kaka, lile shamba la zabibu ukiliona huamini. Ardhi kavu, nyekundu, vumbi tupu, halafu katikati yake vichala vimening'inia vyeusi tititi, na akina mama wanavikata kwa mikasi huku wanaimba. Ndani ya kiwanda kuna mapipa na ubaridi, na ile harufu ilinirudisha kwetu, kwenye banda la marehemu baba siku za kukamua ndizi. Machozi yalinitoka kidogo, nikasema ni vumbi.

Daniel alitupanga mbele ya meza kama wanafunzi, na glasi, na mkate, na karanga. Akatufundisha. Unainua glasi kwenye mwanga uone rangi. Unaizungusha. Unanusa. Unaweka kinywani, unaizungusha tena huko ndani, halafu unatema kwenye ndoo. Ndiyo, unatema. Wenye kazi yao wanaonja aina ishirini kwa asubuhi moja, wangekuwa wanameza wangerudi kwao kwa kubebwa. Fransis alitema vizuri sana, Daniel akamsifu. Mimi nilimeza. Mwalimu wa shule ya msingi akipewa kitu cha bure hatemi.

Na nikuambie ukweli, niliipenda. Sikatai. Tulirudi na kreti mbili, na miezi hiyo miwili nyumba ilikuwa na furaha ambayo hatukuwa nayo toka kazi ilipokwisha. Fransis alikuwa anaweka chupa kwenye mtungi wa maji ipate ubaridi, ananingoja nirudi. Divai nyeupe isiyo na sukari tuliinywa na changu wa kukaanga aliyekamuliwa ndimu, na samaki akawa mtamu mara mbili. Nyekundu tukainywa na mishikaki. Ukiinywa na wali wa nazi inakuwa chungu kama mwarobaini, usijaribu. Lakini hakuna kilichozidi wale senene wa kukaanga uliotuletea mwezi wa tano, waliobaki kwenye kopo. Senene na divai nyeupe baridi! Ugunduzi huo ni wangu, Fransis aliuandika kwenye daftari lake kwa jina langu.

Kosa lilianza na hilo daftari. Mtu akawa hawezi kula kitu nyumbani kwangu bila kuhubiriwa. Jirani yangu Mama Munira aliniletea sambusa, wamefanya khitma kwao, Fransis akazinusa na kumwambia zinataka nyekundu nyepesi.

"Baba Feli, sie hatunywi hivyo vitu," Mama Munira akamjibu.

"Basi hata kunusa?"

Mama Munira alicheka, akachukua sahani yake akaondoka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Ukienda naye dukani ndiyo balaa zaidi. Siku hizi soko huria limeleta divai za nje zilizotiwa kwenye maboksi yenye kibomba kama cha pipa la maji. Fransis anasimama mbele yake na kugombana na mwenye duka kana kwamba mtu huyo amemuuza mzazi wake.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe, Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Novemba. Mchumba wa Felicitas ni Projestus, unamjua, kijana wa Mabibo anayefanya kazi kwenye karakana ya magari. Baba yake, mzee Adelard, alisafiri kutoka Kamachumu wiki tatu kabla kwa ajili ya jambo moja tu, kutengeneza rubisi. Alikataa kabisa ya kununua. Mzee wa miaka sabini na kitu, amechagua ndizi mwenyewe, ameziivisha mwenyewe, amezikamua kwa mikono yake kwenye uwanja wa nyumba ya kupanga huku wapangaji wanamtazama. Alisema haendi kwa mkwe na jasho la mtu mwingine.

Unaujua utaratibu wetu kuliko mimi. Mwenye kijana anapiga funda la kwanza, anampa mwenye binti kibuyu, naye akimeza ndipo maneno yanaanza. Asipomeza, hakuna maneno. Wewe mwenyewe ulimeza ya akina Fransis mwaka sitini na nane kwa niaba ya baba, na ulisema ilikuwa mbaya, lakini ulimeza.

Wakaja watu tisa, wamevaa vizuri. Kuku wako jikoni, ndizi ziko tayari, wifi yangu Sesilia amekuja toka Kipawa na vitenge viwili, cha kuvaa na cha kubadilisha. Mzee Adelard akapiga funda, akafuta mdomo, akampa Fransis kibuyu kwa mikono miwili.

Fransis akaomba glasi.

Hapo nilipaswa kuanguka nizimie, ingesaidia. Akamimina rubisi kwenye glasi, akainua dirishani, kaka, rubisi! Ataona nini ndani ya rubisi? Akaizungusha. Akanusa amefumba macho, wageni wakadhani anasali, wawili wakainamisha vichwa. Akaweka kinywani, mashavu yakacheza kulia na kushoto. Halafu akainama, akatema kwenye beseni la kunawia mikono. Beseni la wageni.

"Ina nguvu nzuri," akasema. "Uchachu tu ndio umezidi kidogo."

Nilisikia redio ya jirani wa nyumba ya tatu.

"Mkwe, umetema?" mzee Adelard akauliza.

"Nimeonja, mzee wangu."

"Sikuuliza umeonja. Nimeuliza umetema?"

Mzee akainuka polepole, akachukua kibuyu chake, akakiziba kwa jani lake. Akasema, "Tumejibiwa." Wakatoka wote tisa kwa mstari, hawakugusa hata maji. Felicitas alikuwa chumbani na shangazi yake anangoja kuitwa. Aliyemwita hakuna. Alitoka mwenyewe aliposikia viti, akakuta baba yake amesimama na glasi mkononi.

Tangu siku hiyo hii si nyumba. Mzee Adelard alipanda treni Jumanne akarudi kwenu. Projestus bado anakwenda kumwona Felicitas nje ya hospitali, lakini amemwambia wazi kwamba bila baba yake haoi. Matangazo kanisani yalikuwa yaanze Jumapili ya kwanza ya Januari. Felicitas hamsemeshi baba yake. Anamwekea chakula mezani na kuondoka. Sesilia ameshatangaza mpaka Gongo la Mboto, na anasema afadhali kaka yake angekataa kwa mdomo kuliko kwa mate.

Na unajua Fransis amefanya nini kurekebisha? Ameandika barua. Ameipigisha chapa kabisa. Juu kaandika "YAH: KUTEMA KINYWAJI TAREHE 19/11/94", na kumbukumbu namba, na aya zimehesabiwa moja mpaka sita, na mwisho "Naomba kuwasilisha". Projestus anasema mzee, kabla hajapanda treni, alisomewa mstari wa juu tu akasema inatosha. Nilipiga kelele siku hiyo mpaka sauti ikakauka. Nilimwambia Fransis kwamba amemzika mtoto wangu akiwa hai kwa ajili ya ujuaji wake. Nilimwambia maneno mengine ambayo siwezi kuyaweka kwenye karatasi.

Sasa la kukuomba, kaka. Wewe ndiye mjomba wa Felicitas na uko karibu na Kamachumu. Nenda kwa mzee Adelard. Nenda na rubisi uliyoikamua mwenyewe, umwombe akubali jambo lile lirudiwe. Nilitaka umwambie kwamba Fransis alirukwa na akili. Sentensi hiyo nimeiandika mara mbili nikaikata, utaona nilipokwangua kwa wembe.

Siwezi kukutuma na uongo. Asubuhi ile Fransis alifungua chupa toka saa nne, anasema zinatakiwa zipumue, na kila akipita anazionja kama zimepumua. Ilipofika saa sita sauti yake imeshapanda na anamwita Sesilia "mrembo". Nikaogopa. Nikamwona kichwani mwangu mkwe amelewa mbele ya watu tisa. Nikamvuta jikoni, nikamwambia, "Baba Feli, nakuomba kwa Mungu, leo usimeze kitu tena. Utakachopewa, fanya kama kule kwa Daniel. Tema."

Akaniuliza, "Chochote?"

Nikamwambia, "Chochote! Si nimeshasema?" Nilikuwa nageuza kuku, moshi unaniingia machoni. Nilikuwa nafikiria bia. Rubisi haikunijia kichwani hata kidogo. Akanishika bega, akasema, "Nakuahidi."

Mzee alipouliza umetema, Fransis alinitazama. Mara moja tu. Mimi nikainama nikafunga upya kanga yangu.

Wiki mbili sasa, kaka. Sesilia anamtukana, binti yake hamtazami, na mimi ndiye ninayepiga kelele kuliko wote. Hajasema. Hata tukiwa wawili tu chumbani hajaniambia, "Si wewe uliyeniambia?" Jana alitoa chupa zote zilizobaki akazimwaga shimoni nyuma ya nyumba, moja moja, nami nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la tano dirishani, namwona, na bado nikanyamaza.

Kwa hiyo mwambie mzee Adelard kwamba aliyekataa rubisi yake ni mimi, kwa ujinga wa jikoni. Shule zikifungwa Ijumaa napanda treni kuja mwenyewe kumpigia magoti. Felicitas sijamwambia bado. Nimeanza na wewe kwa sababu uko mbali na sitaona uso wako ukisoma.

Wasalimie wifi Auleria na watoto wote, na mama mdogo, na umwambie dawa yake ya macho nitakuja nayo. Mungu awalinde, awape mavuno na usingizi mzuri, maana mimi usingizi nimeusahau.

Fransis anakusalimu sana. Aliniona naandika, nikamwambia nakushitakia yeye. Akasema, "Sawa, kaka yako ana haki ya kujua. Mwambie nilikosa."

Ni mimi dada yako nikupendaye, ninayekutegemea,

Anastasia