Baba Ameuza

Westerstraat, Enkhuizen
Jumamosi, 21 Machi 2026

Mpendwa Kaka Teun,

Habari za huko Nelson, mwisho wa dunia? Wifi yangu Philippa hajambo? Na Bram, bado anakataa kuvaa viatu? Natumai barua hii itawakuta wote wazima. Mimi mwili wangu mzima, kichwa ndicho sina hakika nacho.

Najua unashangaa kupata barua. Simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma kisha unakaa kimya, naona alama. Basi nimeandika kwa kalamu na nitalipia usafiri wa haraka, siku tano wanasema. Karatasi huwezi kuifuta kwa kidole.

Hapa mvua tu. Shangazi Truus amepaka mlango wake rangi ya kijani kibaya mno, na mtaa mzima unajifanya haujauona.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu ni nini hasa, nikakujibu ovyo. Leo nitakujibu vizuri, maana inahusu habari ninayokuletea. Kampuni yetu haina mteja hata mmoja. Inanunua na kuuza sokoni kwa fedha yake yenyewe, na sisi tuko arobaini ghorofani Amsterdam, kila mmoja na vioo sita vya kompyuta mbele yake. Wa upande wa pili hatumjui, labda ni mtu, labda mashine kama zetu. Zamani watu walikuwa wakipiga kelele sokoni mpaka sauti zinakauka. Sisi hatusemi kitu. Kompyuta ya kila mtu ina mlio wake inapofanya biashara, na hizo ndizo sauti zote utakazosikia kuanzia saa mbili asubuhi. Wangu ni kengele ya baiskeli ya Baba. Niliirekodi mwenyewe bandani kwake, naye alinicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, leo tena umeuza nini ambacho hujawahi kukiona?" Ndivyo anavyonisalimu hadi leo.

Tuna mchezo wetu pale. Wakati wa chakula cha mchana mtu yeyote anaweza kukuomba bei ya kitu chochote: mvua itakatika baada ya dakika ngapi, mpishi atavunja sahani ngapi wiki hii. Ni lazima utaje namba mbili, ya chini na ya juu. Mwenzako akiona jibu la kweli litakuwa chini ya namba yako ya chini, anasema "nauza." Akiona litapita ya juu, anasema "nanunua." Dau ni biskuti za shira. Ukikataa kutaja bei, unaosha vikombe vya wote wiki nzima. Hatukatai.

Sasa, mbele yangu anakaa Wiebren, Mfrisia mmoja mpole wa kaskazini, mkate wake kila siku ni wa chokoleti ya kunyunyiza. Kompyuta yake haina mlio. Kwa miaka minne sijamwona akiweka dau zaidi ya biskuti mbili.

Jumanne alinitazama akaniuliza, "Machteld, zimebaki siku ngapi kabla kiti chako hakijakaa kitupu wiki nzima?"

Nikadhani ananitania kuhusu likizo. "Arobaini, sitini," nikamjibu pale pale.

"Nauza." Akalisukuma kopo lake lote la biskuti katikati ya meza.

 Mtu mmoja akasema, "We Wiebren, umeumwa na nini?" Wiebren hakucheka. Niliogopa, Teun, nakwambia ukweli, kwa sababu pale kiti hukaa kitupu wiki nzima kwa likizo au kwa msiba, na kuhusu ugonjwa wa moyo wa Baba sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Hata mmoja.

Nilimfuata kwenye mashine ya kahawa. "Unajua nini wewe?"

"Sijui kitu," akasema. "Kengele yako inazidi kunyamaza tu. Wiki tatu sasa. Nilidhani unajua."

Nikarudi kwenye kiti changu nikaangalia. Tunachouza sisi ni mikataba, na kila mkataba una tarehe yake ya mwisho. Mingine inaisha wiki ijayo, mingine Desemba, na kwa kawaida mimi ninayo ya mwaka mzima. Nilipanga yangu yote kwa tarehe. Kaka, yote ilikuwa inaisha kabla ya tarehe kumi na saba Aprili au siku hiyo hiyo. Baada ya hapo hakuna kitu. Mmoja mmoja, kwa wiki tatu, nilikuwa nimejiondoa katika mikataba yote ya mbele, kwa vidole vyangu mwenyewe, na kila mara nilikuwa na sababu nzuri. Sikumbuki kuamua. Nilikaa pale nikiangalia ile nafasi tupu, nikaogopa mikono yangu.

Daktari wa Hoorn alisema Februari kwamba Baba akinywa dawa zake ataiona Krismasi. Nilimwamini. Nilidhani namwamini.

Utasema, huyu dada yangu kazi imemlevya. Sawa, sema. Mimi pia nilijiambia hivyo, na leo asubuhi nikaenda kwa Baba nijionee mwenyewe. Nimemkuta amevaa vizuri, amepika supu ya njegere, anamtukana paka. Nikapumua. Viatu vyako vya kutelezea barafuni ameviteremsha kutoka darini na kuvipaka mafuta, na barafu yenyewe hatujaiona mwaka mzima. Sikumuuliza.

Nikamsimulia ule mchezo wetu, si habari ya Wiebren, mchezo tu. Akaweka kijiko chini.

"Haya, nipe bei. Teun atafika baada ya siku ngapi?"

"Baba, acha zako."

"Ala! Si umesema hamkatai?"

Anajua mmekata tiketi ya Julai, Philippa aliniambia nami nikamwambia. Kwa hiyo nikamjibu kwa hesabu ya Julai. "Mia moja, mia na ishirini."

"Nauza," akasema. Hakufikiri hata kidogo. "Dau langu baiskeli, pamoja na kengele yake."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama vile vile alivyonitazama Wiebren, kwa upole, kama mtu anayekusubiri umalize kusoma. Kisha akaniuliza kama nataka supu zaidi.

Teun, najua siku ya mazishi ya Mama uliondoka kabla ya kahawa, na najua alichokuambia Baba mlangoni. Nilikuwepo. Lilikuwa neno baya na hajawahi kulirudia. Sikuombi umsamehe. Nakuomba ubadilishe tiketi. Tarehe kumi na saba Aprili ni Ijumaa. Njoo kabla yake. Kama nimekosea na Baba akatuzika sote, nitalipa nauli yako yote na utanicheka mpaka uzeeni, na hakuna kicheko ninachokitamani zaidi ya hicho.

Kazini nalipwa nisishindwe. Bei hii ya kuja kwako nimeiweka vibaya na nimefurahi.

Msalimie sana Philippa, mbusu Bram kwa niaba ya shangazi yake. Shangazi Truus anawasalimu, na Bwana Hoekstra jirani anauliza kama bado una ngazi yake. Baba hakutuma salamu. Aliniuliza tu kama kitanda cha darini kina shuka safi.

Mungu akulinde angani na akushushe salama.

Ni mimi dada yako nikupendaye, nikiiombea baiskeli ibaki kwa mwenyewe,

Machteld