Matone ya Igawa

Ubaruku, Jumapili, mwezi wa sita. Huu ni mwezi wa pili tangu nitoke Iringa.

Mama Tumaini, mke wangu,

Salamu kutoka kwenye vumbi la pumba. Jana tulishusha magunia ya mchele Igawa, nikamkuta jamaa mwenye kipaza sauti akiuza dawa ya masikio. "Matone matatu tu, kiziwi anaimba kwaya!" Dawa yenyewe ni mafuta ya kula yanayonuka kitunguu. Nikamwambia tatizo la mwanangu liko ndani kabisa, kupita ngoma ya sikio, mafuta hayafiki, ndiyo maana madaktari walimpandikizia kifaa cha kusikia, chenye kipande cha kuvaa nje.

"Ameshaongea, mzee?"

"Bado. Kimewashwa juzijuzi tu. Ila akiitwa anageuka."

"Anageuka! Hata mbuzi anageuka!"

Watu wakacheka, kisha wakapanga foleni kununua, wapagazi wenzangu wakiwa mbele. Wajinga wale! Mtoto mchanga husikia karibu mwaka mzima ndipo aseme "mama", lakini mtoto wetu wanataka ahubiri siku hiyohiyo.

Na sasa mama yangu kanipigia simu, anasema kifaa kimeshindwa, kivuliwe, amtie mafuta ya kitunguu kama alivyotutia sisi. Namheshimu, lakini mwambie hapana. Akichukia, anichukie mimi. Wewe mvishe kila asubuhi, mwimbie, mtajie maji, ugali, kuku.

Nawapenda sana. Narudi Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba. Siku hiyo asikivue kabisa, nataka yeye awe wa kwanza kusikia hodi yangu.

Baba Tumaini