Ng'ombe Wangu Wamekuwa Mahari, Sasa Akiba Niiweke Wapi?

Mpendwa Mama Dorotea, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijafanya jambo ambalo watu wa Kiseke watalisimulia mpaka Pasaka, maana kwa hasira niliyonayo hata chakula hakipiti. Mimi kwetu ni Muleba, nimeolewa na Msukuma, tuna binti anaitwa Justa, na nafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki hapa Mwanza, nakata minofu ya sangara nikiwa nimesimama kutwa nzima kwenye maji ya barafu, na kila mshahara nilikuwa nabana kidogo kwa ajili ya huyo Justa, kwa sababu nilijiapiza kwamba akifaulu hatabaki nyumbani kwa kukosa ada.

Basi mume wangu Luhende, wakati huo bado hajapunguzwa kazi kwenye kiwanda cha pamba, akaniambia pesa ikikaa ndani inakufa maana bei zinapanda kila siku, tununue mitamba tuwaweke kwa kaka yake Malimi, ng'ambo kule Kamanga, kwa kuwa desturi yao ni kwamba anayekutunzia ng'ombe anakunywa maziwa tu, ng'ombe na ndama wanabaki kuwa wako. Mimi kwetu tunajua migomba na kahawa, nikaona ni kweli, ng'ombe anazaa na pesa haizai. Nikanunua mitamba wawili kwa jasho langu, Luhende akawapeleka mwenyewe kwa kaka yake kwa sababu mimi nilikuwa zamu. Tangu hapo kila nikipata mapumziko navuka na feri, nimebeba chumvi ya ng'ombe, dawa ya kupe, na kanga ya mke wa Malimi kwa sababu huwezi kwenda kwa shemeji mikono mitupu, na ng'ombe wakazaa, nami nikawa narudi Mwanza najiona tajiri.

Sasa jina la Justa limetoka, kachaguliwa kidato cha kwanza, tukapiga vigelegele mtaa mzima, na Jumapili iliyofuata nikavuka kwenda kuuza ng'ombe mmoja. Nikakuta zizi limepwaya. Malimi kanikaribisha vizuri, kanipa maziwa mgando kwenye kibuyu, nimeshakunywa ndipo anasema, "Shemeji, wale ng'ombe wako tumewatoa mahari ya Kashindye. Usihofu, hawajapotea, wamekwenda kutuletea mke." Kashindye ni mwanawe. Nikamwuliza, "Ng'ombe wangu mimi?" Akasema, "Ng'ombe wa ukoo, shemeji. Kwani wewe si mke wetu?" Nilipopandisha sauti akanifungia ndama mmoja kamba, kama mtoto anayepewa pipi anyamaze. Nimerudi nyumbani nalia, Luhende ananiambia, "Mama Justa, usituaibishe, yule ni kaka yangu mkubwa." Mama Dorotea, alikuwa anajua! Walikaa wakaongea wakakubaliana, mimi nipo kwenye barafu!

Ndama nimemuuza. Pesa nimeifunga kwenye kanga na inaninyima usingizi. Luhende anasema tununue tena mtamba tuweke kwa binamu yake Busisi, eti huyo ni mwaminifu. Mwenzangu wa kazini Paskazia akanipeleka kwenye moja ya hizi benki mpya mjini, ile ya vioo, mlinzi akaninusa kabla hajanisalimia, na dada wa dirishani akaniambia kuna kiasi hakiguswi kabisa, halafu kila mwezi wanakata cha kutunza, ukienda kutoa wanakata tena, na ukishuka chini ya kile kiasi wanakata adhabu. Nikamwuliza, sasa mimi nabaki na nini? Akasema, "Unabaki na usalama, mama." Pale kiwandani kuna chama cha akiba na mikopo, wanakata kidogo kidogo kwenye mshahara, lakini naogopa, maana hata vyama tumeona viongozi wakivila. Nichague wapi? Na je, nifungue kimya kimya Luhende asijue? Nisaidie mama yangu, shule inafunguliwa Januari.

Ni mimi mwenye uchungu,
Immaculata, Kiseke, Mwanza.

MAMA DOROTEA ANAJIBU

Marahaba, Immaculata. Barua yako nimeisoma nikasimama, nikaisoma tena nimesimama hivyo hivyo. Nimekasirika kwa niaba yako, na hasira nyingine nimekuwekea wewe mwenyewe, kwa hiyo vumilia.

Malimi amekudhulumu. Silipambi. Mimi ni Msukuma, nimekulia kwenye nyumba ambayo ng'ombe wa watu walilala zizini kwetu, na baba angeona afadhali afe kuliko kumtoa ng'ombe wa mtu bila mwenyewe kuulizwa. Desturi yetu haina kosa hapa. Lakini desturi hiyo hiyo inataka mwenye ng'ombe amkabidhi mwenyewe, mbele ya majirani, rangi na alama zikatajwa wakasikia. Wewe ulinunua, Luhende akakabidhi. Basi majirani wa Kamanga wanajua ng'ombe walikuwa wa Luhende, na Luhende akaombwa na kaka yake, akakubali. Wewe wanakujua kama yule shemeji mkarimu anayeleta chumvi! Kosa lako ni hilo, na utalirudia Busisi hata huyo binamu awe malaika. Kwa hiyo Busisi hapana.

Tena umeniambia benki ya vioo inakata sana. Ni kweli inakata, na inaniudhi kuona mwenye kidogo anapigwa adhabu kwa sababu kidogo chake ni kidogo. Hilo ndilo soko huria tuliloletewa, wakubwa wanaokula sambusa mikutanoni wanalisifu na sisi tunalipa. Toka humo, usigeuke nyuma. Ila nikuulize, nauli za feri alikuwa analipa nani? Chumvi, dawa ya kupe, kanga? Maziwa alikunywa nani? Mama, hata kabla ya mahari ulikuwa unakatwa kila unapovuka, ila kule hukuona dirisha ndiyo maana hukuuliza. Popote pesa inapotunzwa kuna anayekula kidogo. Kazi yako ni kumtafuta anayekula kidogo kuliko wote, na anayekuonyesha mdomo wake anapokula.

Sasa sikiliza. Nenda kwenye hicho chama cha kiwandani kwenu. Waulize kiingilio ni shilingi ngapi, wanakata nini kwa mwaka, pesa ukiihitaji inatoka baada ya muda gani, nani wanaweka saini, na hesabu zinasomwa lini mbele ya wanachama. Wakijibu bila kuguna, jiunge, uanze na kidogo, na siku ya kusomwa hesabu uwe kiti cha mbele hata kama umetoka zamu unanuka sangara. Vyama vimeliwa, ndiyo, lakini vingi vililiwa wanachama wakiwa nyumbani. Wakiguna, ondoka. Ada ya Januari usiipeleke huko kabisa, maana pesa ya chama haitoki siku unayoitaka. Hiyo ifungulie kitabu cha akiba posta, na huko nako uulize makato yao kabla hujatoa pesa kwenye kanga. Mtu yeyote akiudhika kwa sababu umeuliza, umeshajibiwa. Na yule atakayekuja getini kukuambia pesa yako itazaa mara mbili kabla ya Krismasi, huyo mpite kama hujamwona.

Kufungua kimya kimya, hapana. Si kwamba Luhende anastahili heshima hiyo, la! Pesa iliyofichwa ikipatikana huwa imeibwa, na wewe hujaiba. Fungua kwa jina lako peke yako, mrithi uandike Justa, kisha kiweke hicho kitabu mezani Luhende akione. Mwambie, "Baba Justa, hii ni yangu na inaitwa ada." Akinuna, anune. Mumeo hajawa mbaya kwa vile amepunguzwa kazi, lakini alijua akanyamaza, na hilo aliombe radhi kwa mdomo wake.

Halafu umeniuliza mambo ya benki yote, ila juu ya wale ng'ombe hukuniuliza lolote, kana kwamba wameshakwenda basi. Hawajakwenda! Vukeni Kamanga, wewe, Luhende na Justa mwenyewe, na safari hii usibebe chumvi. Mwombe Malimi awaite wazee wake na majirani. Wakishakaa, usibishane tena kama ng'ombe ni wako au ni wa ukoo. Mkubalie. Sema, "Sawa shemeji, walikuwa wa ukoo. Na huyu Justa ni binti wa ukoo huu huu, anaitwa kwa jina lenu. Ukoo umeshamwozesha Kashindye, Januari ukoo unampeleka Justa shule. Nani anatoa ng'ombe?"

Ukishasema hivyo nyamaza, kunywa maziwa yao, na usipande feri mpaka mtu ajibu.