Blanketi la Mtoto wa Somoe

Shangani, Mtwara. Alhamisi, Julai 1971.

Kumekucha na baridi. Upepo wa kusi umevuma tangu alfajiri, mawingu yamekaa chini, mvua hakuna. Mama mkwe amejilaza chumbani kwake, hajala kitu. Mimi nimekaa mkekani na nguo zangu nyeupe za eda, naandika kwa sababu mikono imekosa kazi.

Somoe ameondoka leo. Ameondoka na mtoto.

Naona niandike tangu mwanzo, huenda nikajua ni kitu gani hasa kinachoniliza hivi.

Athumani, mume wetu, alifariki mwezi wa nne. Alikuwa akipima magunia ya korosho ghalani, bandarini. Alirudi nyumbani kutoka kazini na homa, tukadhani ni homa ya kawaida, na wiki haikuisha tukamzika. Nimeishi naye tangu nikiwa msichana na Mungu hakutujalia mtoto. Mwaka juzi akaoa mke wa pili huko kijiji cha Ziwani, akawa anakwenda na kurudi. Huyo mke, Somoe, sikuwahi kumwona. Sikutaka. Nilimwona siku ya maziko, binti mdogo, tumbo limemtangulia mlangoni.

Mama mkwe akasema mimba ya mwanawe haitazaliwa mbali na macho yake. Basi tukakalishwa eda chumba kimoja, wake wa mtu mmoja, mkeka wangu ukuta huu, wake ukuta ule.

Siku za mwanzo zilikuwa salamu tu. Shikamoo, marahaba, basi. Akilia, nilikasirika. Niliona ananililia mume wangu.

Tulianza kuzungumza kwa sababu ya sweta.

Nguo za marehemu ziligawiwa sadaka, likabaki sweta moja la kijani, la sufu, alilovaa zamu za usiku. Viwiko vilikuwa vimetoboka na nondo walikuwa wamelila mgongoni, hakuna aliyelitaka. Somoe akamwambia mama mkwe, "Mama, nipe mimi. Nitalifumua nimfumie mtoto blanketi." Kufuma alifundishwa kijijini kwao na mke wa mwalimu aliyetoka bara, na sindano yake alikuja nayo, ile ya chuma yenye kulabu nchani.

Nilijifanya simwoni. Alifumua mkono wa kulia wote, uzi ukatoka umejikunjakunja kama nywele. Alipoanza mkono wa kushoto nilishindwa kuvumilia.

"Lete huko," nikamwambia, "nikukunjie huo uzi."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi hii, na umri wangu huu. Tuliufua uzi, tukauanika na kopo la maji likining'inia chini yake ili unyooke. Somoe akanionyesha mnyororo wa kuanzia, kisha safu ya kwanza. Vitanzi vyangu vilikuwa vimekazwa mpaka sindano haipiti. "Legeza mkono, Dada," alikuwa akiniambia. "Uzi haukimbii."

Taabu kubwa ilikuwa kuunga. Lile sweta lilikuwa na matundu mengi, kwa hiyo nyuzi zilitoka vipandevipande, na kila baada ya safu chache kipande kinaisha. Nilifanya ninavyojua, nikapiga fundo. Nikapiga na lingine. Somoe akapitisha kiganja juu ya kazi yangu, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka.

"Dada, mtoto huyu utamlaza juu ya kokoto."

Akachukua ncha mbili, akazichambua zikawa kama pamba, akatema mate kiganjani, akazilaza pamoja na kuzisugua kwa nguvu. Ukatoka uzi mmoja. Alisema sufu ya kweli hushikana ikilowa na kusuguliwa. Nilipojaribu, viganja vyangu vilikuwa vikavu, ncha zikaachana. Akanitemea yeye. Mate ya mke mwenzangu, kiganjani mwangu! Nilisikia kinyaa, kisha nikasugua.

Ukashika.

Mama mkwe alipotuona tunafuma alitutafutia uzi mweupe dukani, wa aina nyingine. Huo haukukubali kusuguliwa. Hapo nikajifunza kuvuta rangi mpya kwenye kitanzi cha mwisho cha rangi ya zamani, kuacha mkia wa urefu wa kidole, kisha kuupitisha mkia kwa sindano ya kushonea, uende na urudi ndani ya mishono. Mimi nilikuwa nakata mikia mifupi ili kazi ionekane safi. "Itakuja kuchomoka," Somoe aliniambia. Sikumsikiliza sana. Nilikuwa na haraka ya kuona pembe ya pili.

Mtoto alizaliwa mwishoni mwa mwezi wa tano, wa kike, paji la uso la baba yake tupu. Siku ile ile eda ya Somoe ikaisha. Sheria ndiyo hiyo: mjane mwenye mimba eda yake ni mpaka azae, asiye na mimba ni miezi minne na siku kumi. Mimi nimebakiza mwezi na kitu.

Yeye alikuwa huru. Arobaini ilipokwisha angeweza kwenda sokoni, angeweza kwenda kutembea ufukweni jioni kama wenzake. Hakwenda. Alikaa nami mkekani, mtoto katikati yetu, blanketi likipita magotini pake na magotini pangu.

Nikajisahau.

Wiki iliyopita nilimwambia, "Somoe, wewe bado kijana. Utaolewa tena. Mtoto akishaacha ziwa, niachie mimi."

Mkono wake ulisimama. Akaiweka kazi chini, akasema taratibu, "Dada, yote niombe. Hilo usiniombe."

Nilitamani ardhi inimeze. Jioni ile nilijilaza mapema, uso ukutani. Asubuhi yake nilidhani atahamisha mkeka, lakini alinipa sindano kama kawaida. "Safu hii ni yako."

Leo asubuhi mjomba wake amefika kutoka Ziwani na baiskeli. Amekataa kuingia ndani, amekaa barazani, akaeleza shida yake kwa adabu: lori linaondoka sokoni kabla ya adhuhuri, amekuja kumchukua mpwa wake na mjukuu.

Mama mkwe aliinua sauti. "Huyu ndiye niliyebakishiwa na mwanangu!"

"Pole, Mama," mjomba akajibu. "Mwanao tulimpenda. Lakini kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwanao angekuwa hai, tungekaa tukazungumza. Leo nizungumze na nani?"

Mama mkwe akainuka, akaanza kufunga mzigo wa nguo za mtoto. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikisikia yote.

Somoe akaja chumbani akaniwekea mtoto mapajani. "Nishikie, Dada, nikaoge."

Nilimfunika mtoto blanketi, na kidole changu kikapita kwenye tundu. Kiungo kimoja changu, cha ile mikia mifupi, kilikuwa kimechomoka. Nikafadhaika. Hivi ataondoka na kitu kinachofumuka? Nikatafuta kipande cha uzi mweupe, nikaanza kurudishia vitanzi kimoja kimoja huku mtoto amelala, pumzi yake ikinipata mkononi. Mjomba alikohoa huko nje. Akakohoa tena. Uani maji yalimwagwa, yakanyamaza, yakamwagwa tena. Sikuwahi kumjua mtu anayeoga muda mrefu namna ile.

Nilikuwa napitisha mkia wa mwisho alipoingia. Nywele zake zilikuwa kavu. Khanga ile ile ya asubuhi, kavu.

Maji aliyamwaga bure, ili mimi nikae na mtoto.

Alichukua blanketi, akapapasa kwa kidole gumba pale nilipotengeneza. "Mkia umeuacha mrefu?"

"Mrefu. Nimeupeleka na kuurudisha."

"Basi hakitachomoka hiki."

Akanikumbatia, mtoto kati yetu, tukalia mpaka mama mkwe akaja kutuachanisha, naye analia.

Niliwasindikiza mpaka mlangoni. Hapo miguu ikasimama. Wenzangu wote walivuka kizingiti: mjomba na baiskeli yake, mama mkwe na mzigo wa nguo kichwani, Somoe na mtoto. Mimi ni mjane ndani ya eda, sina ruhusa ya kumsindikiza mtu barabarani. Niliwaona mpaka kwenye ua wa jirani. Somoe aligeuka mara moja. Mikono yake ilikuwa imejaa, hakuweza kupunga.

Sasa ni alasiri. Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma: leo nimelia kuliko nilivyomlilia Athumani. Mungu anisamehe, na yeye huko aliko anisamehe. Athumani nilimlilia nikiwa na hasira nusu. Leo hasira haikuwepo hata ya kuegemea.

Nitampikia mama mkwe uji, atake asitake. Tumebaki wawili.

Na eda ikiisha nitakwenda Ziwani. Hilo nimeliamua. Nitafika, nitapiga hodi, na wataniuliza mimi ni nani. Kwa watu wale mimi si ndugu, na aliyetufanya tujuane amelala kaburini. Somoe atanifungulia, najua. Lakini akishaolewa na mwingine, akawa na nyumba nyingine na watoto wengine?

Mwakani yule mtoto ataanza kusema. Huko aliko, yuko atakayemfundisha kuniita Mama Mkubwa?