Kuzungumza na kompyuta ya Shija

Alhamisi, Rwamgasa. Mawingu tangu asubuhi, mvua hainyeshi, na mimi situlii. Nakaa, nasimama, nimemimina chai na kuisahau.

Kesho fundi alikuwa aje kufuta kompyuta ya Shija.

Shija ni mdogo wangu. Bado naandika "ni". Tulimzika baada ya mavuno. Alifanya kazi hapa kwenye karasha la Mama Sayi, wanaposaga mawe ya dhahabu, akaunda programu ya kupanga zamu za wachimbaji. Neno la siri aliondoka nalo, ndiyo maana inafutwa. Ila kompyuta ikiwashwa, programu inaamka yenyewe na kusikiliza kwenye poti 5050, mlango wa programu nyingine kuingilia. Namba hiyo aliiandika kwa kalamu ubavuni mwa mashine.

Basi wiki hii, mimi niliyeishia kidato cha nne, nimejifunza Java, lugha ya kuandikia programu, kutoka kwenye daftari lake. Nilitaka programu ndogo tu ya kuzungumza na ile yake kabla haijafutwa. Leo nimekuja na laptop ya kuazima, nikachomeka waya. Soketi, ile njia kati ya programu mbili, ikaunganika.

Kisha kimya. Nikazima, nikawasha. Kimya.

Mama Sayi akapita na ndoo. "We Doto, unavyoitolea macho! Unangoja ikusalimie?"

Nikacheka, halafu nikaangalia mistari ya programu yangu. Kweli nilikuwa nangoja. Nimeiandika isome jibu kabla ya kutuma neno lolote. Maisha yote Shija ndiye aliyeanza kunisalimu, mimi nikiwa mkubwa. Wazo la kuanza mimi wala halikunijia.

Nikapanga upya: kwanza itume ninachoandika, ndipo isome. Nikatuma "Habari".

Ikajibu: "Hapa tunaanza na shikamoo."

Kumbe ndivyo alivyowafanyia wachimbaji wenye ndevu zao! Nikamwamkia mdogo wangu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Jina?"

Nililia mbele ya watu wa karasha. Mama Sayi akainama, akasoma. "Huyu mtoto hana adabu hata huko aliko," akasema, akajifuta macho kwa kanga. Kisha akampigia fundi simu: asije.

Daftari linasema mwishoni ufunge soketi. Mstari huo sijauandika. Jina langu pia sijalituma.

Nikilituma, atakuwa ameniachia neno, au ataniweka tu kwenye foleni ya zamu kama mtu mwingine?